Mwenye Pumu na Saumu Yake: Tujifunze Kupima Pumzi

(Mawaidha kwa vijana na wazazi, Bongwe, Kwale)

  

Nilipoombwa nizungumze na vijana nilikuwa na mada nyingine kabisa. Lakini siku chache kabla, baada ya darsa, binti mmoja wa madrasa wa miaka kumi na miwili hivi alinifuata nje, akangoja wenzake wapite, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mjomba, nikivuta pampu yangu mchana, saumu yavunjika? Maana jana kifua kilinibana tangu adhuhuri, nikavumilia mpaka magharibi." Pampu yenyewe alikuwa ameificha ndani ya buibui ili wenziwe wasiione.

Wallahi, neno hilo "nikavumilia" lilinitia baridi. Mimi mwenyewe nina pumu tangu utotoni, na nilipokuwa na miaka kumi na tisa nami nilivumilia hivyo hivyo. Kwa hivyo leo nimeacha ile mada nyingine. Tuzungumze kuhusu pumu, kuhusu saumu, na kuhusu kifaa kidogo cha plastiki ambacho wengi wetu hatukijui na pengine kingemwokoa mtu katika nyumba zetu.

KWANZA, PUMU NI NINI?

Ugonjwa huu si wa jana. Waarabu huuita rabu, na tabibu wetu mashuhuri Ibn Sina aliuandikia katika kitabu chake cha Al-Qanun karibu miaka elfu moja iliyopita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo mwaka huo. Wengi wa waliokufa ni wa nchi kama zetu, ambako mgonjwa hukosa dawa au hakujulikana kabisa kuwa ana pumu.

Tena usiseme ni maradhi ya watu wa mjini. Mwaka 1998 daktari wetu wa Kenya, Ng'ang'a, pamoja na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wa Nairobi na wa vijijini Murang'a. Watoto walikimbizwa, wakapimwa pumzi kabla ya mbio na baada yake. Waliobanwa na kifua walikuwa wengi zaidi Nairobi, lakini hata kule vijijini walipatikana. Basi na Bongwe nako wako, tena si haba.

Ndani ya kifua chetu mna mirija ya kupitisha hewa. Kwa mwenye pumu, mirija hiyo imevimba kidogo kwa ndani hata siku anapojiona mzima. Akikutana na kitu kisichompatana, nyama zinazoizunguka hukaza, uvimbe huzidi, makamasi hujaa, na njia huwa nyembamba. Chukua mrija wa soda, uweke mdomoni, uzibe pua, kisha utembee kutoka hapa hadi barabarani ukipumua kwa mrija huo peke yake. Hapo utajua mwenzio anaishi vipi. Na sikizeni vizuri: kazi ngumu zaidi ni kutoa hewa, si kuingiza. Ndiyo maana kifua hupiga filimbi mtu anapoitoa pumzi.

Pumu haiambukizi. Usimtengee mtoto kikombe wala sahani. Na usimfiche binti yako pumu yake eti posa itarudi. Mume asiyejua mkewe ana pumu hatajua la kufanya usiku wa manane.

KIFAA CHENYEWE

Sasa, ikiwa shida ni hewa kutoka kwa taabu, basi tukiweza kupima hewa inatoka kwa kasi gani, tutajua njia zimefunguka au zimebana. Hiyo ndiyo akili ya kifaa hiki. Mwaka 1959 daktari mmoja Mwingereza, Martin Wright, na mwenzake McKerrow walichapisha habari za chombo cha kupima kasi ya pumzi. Kilikuwa kikubwa, cha kuwekwa hospitalini. Katika miaka ya 1970 kikatengenezwa kidogo cha plastiki, mtu aweza kukitia mfukoni. Mahospitalini hukiita pikiflo. Mimi nitakiita kipima-pumzi. Ni bomba fupi lenye mdomo wa kupulizia, namba ubavuni, na mshale mdogo unaosukumwa na pumzi yako. Hakitumii betri wala stima. Namba zake ni lita kwa dakika.

Namna ya kukitumia ni hii:

1. Rudisha mshale chini kabisa.
2. Simama wima. Ukishindwa kusimama, kaa wima, na kila siku ufanye vile vile.
3. Vuta pumzi mpaka kifua kijae.
4. Weka mdomo wa kifaa kati ya meno, fumba midomo pande zote hewa isitoroke, na ulimi usizibe tundu. Vidole visiguse mshale.
5. Puliza kwa nguvu na kwa haraka, pumzi moja fupi, kama azimaye mshumaa ulio mbali. Hakuna haja ya kupuliza kwa muda mrefu. Twataka kasi.
6. Soma namba. Rudia mara tatu, uandike ile kubwa kuliko zote. Usitafute wastani wake.

Pima asubuhi na jioni, kabla ya kutumia dawa, kwa kifaa kile kile, maana vifaa hutofautiana. Watoto kuanzia miaka mitano hivi waweza kufundishwa. Walio chini ya hapo namba zao hazitegemewi.

NAMBA YAKO NI YAKO

Watu huniuliza, "Namba nzuri ni ngapi?" Hakuna namba moja ya watu wote. Inategemea urefu, umri, na kama ni mwanamume au mwanamke. Kijana mrefu aweza kufika 600, na mama mfupi akawa mzima kabisa kwa 380. Kwa hivyo usijilinganishe na jirani. Jilinganishe na wewe mwenyewe siku ulipokuwa mzima.

Pima kwa wiki mbili tatu ukiwa kifua kiko sawa na dawa unatumia inavyotakiwa. Namba kubwa kuliko zote utakayoipata hapo ndiyo kilele chako. Iandike nyuma ya mlango, kila mtu wa nyumbani aijue.

Kutoka hapo tunatumia rangi za taa za barabarani. Hapa Bongwe hatuna taa hizo, lakini mmeziona mjini. Tuseme kilele chako ni 500.

Kijani ni kuanzia asilimia 80 ya kilele, yaani 400 kwenda juu. Endelea na shughuli zako na dawa zako za kawaida.

Manjano ni kati ya asilimia 50 na 80, yaani kati ya 250 na 400. Njia zimeanza kubana. Hapa ndipo unapofuata maagizo aliyokuandikia daktari: dawa gani uongeze, kwa siku ngapi, na urudi kumuona lini. Ikiwa hujaandikiwa maagizo hayo, mwendee sasa akuandikie, usingoje kuugua.

Nyekundu ni chini ya asilimia 50, yaani chini ya 250. Hiyo ni hatari. Tumia dawa ya kufungua kifua mara moja na safari ya hospitali ianze.

Tazameni pia tofauti ya asubuhi na jioni. Kifua cha kila mtu hubana kidogo alfajiri, lakini kwa mwenye pumu isiyotulizwa tofauti hiyo huwa kubwa. Ukiona jioni uko 480 na alfajiri 360, siku baada ya siku, pumu yako haijatulia hata kama mchana wajiona hodari.

Na tuseme ukweli wote: kifaa hiki kina upungufu wake. Ukipuliza kwa uvivu kitakupa namba ndogo, na hakioni vizuri mirija midogo ya ndani kabisa. Mtu akiwa anatweta mbele yako na kifaa kikaonyesha kijani, mwamini mgonjwa, usikiamini kifaa.

RAMADHANI ZANGU MBILI

Nilisema nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka ule, kati ya mwezi, kifua kilikuwa kikinibana kidogo kidogo kama siku tatu. Nilikuwa nikijiambia, "Ah, niko sawa." Nilikuwa naenda tarawehe, nacheza mpira kabla ya magharibi, na pampu naiacha nyumbani kwa sababu sikutaka kuitwa kobe. Siku ya nne, baada ya alasiri, nikashindwa kupanda ngazi. Mama akanambia vuta pampu. Nikakataa. Zilikuwa zimebaki saa mbili tu kufuturu, mwanamume hawezi kungoja saa mbili?

Sikuifikia adhana. Nilipelekwa hospitali ndani ya gari la jirani, siwezi kutamka neno zima, na mama yangu kiti cha nyuma amenishika mgongo asije mwanawe akaanguka. Pale nilipopewa kifaa nikipulize, namba ilikuwa 190. Baadaye, nilipopona, kilele changu kilipatikana kuwa 520. Kwa hivyo nilifika hospitali nikiwa na chini ya asilimia 40 ya pumzi yangu. Daktari aliniambia jambo ambalo sijalisahau: kuna watu ambao mwili wao umezoea kubanwa, kwa hivyo hawahisi mpaka wamefika ukingoni. Nilikuwa mmoja wao.

Ramadhani iliyofuata nilikuwa na kifaa changu. Nikipima kila siku wakati wa daku. Siku ya kwanza ya wiki ya pili 510. Kesho yake 470. Kesho yake 430. Kisha 380. Mwaona? Asilimia 80 ya 520 ni 416, kwa hivyo nilikuwa nimeingia manjano. Na nawaambia kweli, asubuhi ile ya 380 nilijihisi mzima. Lau si ile namba ningefunga na ningetoka. Nilifuata maagizo niliyoandikiwa, sikufunga siku tano, nikarudi 500, nikamaliza mwezi. Zile siku tano nililipa baadaye nikiwa na afya. Mtu mmoja, ugonjwa mmoja, Ramadhani mbili. Tofauti yake ilikuwa karatasi yenye namba nne.

JE, PAMPU INAVUNJA SAUMU?

Turudi kwa yule binti. Wanavyuoni wamekhitalifiana. Wako waliosema haivunji, kwa kuwa ni hewa na dawa inayokwenda mapafuni, si chakula wala kinywaji. Miongoni mwao ni Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin. Wako wengine waliosema inavunja, kwa sababu chembe za dawa hupita kooni na kufika ndani. Mimi si mufti. Muulize shekhe wako unayemwamini ushike neno lake.

Lakini liko jambo ambalo hawakukhitalifiana: anayekhofia nafsi yake anatumia dawa yake papo hapo. Ikiwa imevunja saumu, atalipa siku moja. Katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, mgonjwa amepewa ruhusa ya wazi kuacha kufunga na kuhesabu siku nyingine. Ruhusa hiyo ametoa Yule Yule aliyeifaradhisha saumu. Anayeikataa hadi akafa, amemfurahisha nani? Na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kumwachia nafasi ya kulipa, iko fidia ya kulisha maskini. Basi usivumilie. Saumu hulipwa, pumzi iliyokatika hailipwi.

Kupuliza kipima-pumzi chenyewe hakuingizi kitu ndani, unatoa pumzi tu.

Tena wengi wenye pumu waweza kufunga bila tatizo, wakijipanga. Dawa za pumu ni za namna mbili. Iko ya kufungua kifua upesi, mara nyingi pampu ya buluu, yenye salbutamol. Na iko ya kutuliza uvimbe, mara nyingi pampu ya kahawia, yenye steroidi kidogo, ambayo hutumiwa kila siku hata ukiwa mzima. Ya pili ndiyo inayokinga. Watu wengi hushika ya buluu peke yake kwa sababu wanaona kazi yake mara moja, kumbe moto unaendelea ndani. Tangu mwaka 2019 wataalamu wa pumu duniani wameacha kupendekeza mtu mzima atibiwe kwa ya buluu pekee. Siku hizi iko pia pampu moja yenye dawa zote mbili. Ile ya kukinga kwa kawaida ni mara mbili kwa siku: basi moja daku, moja baada ya kufuturu. Ukishavuta sukutua maji uteme. Haikugusi mchana kabisa.

Anzeni mapema. Ukiingia Shaabani, anza kupima, tafuta kilele chako, mwone daktari, mpange dawa. Na kumbuka daku ni wakati ule ule ambao kifua hubana zaidi. Kwa hivyo namba ya daku ilinganishe na ya daku, na ya magharibi na ya magharibi.

NYUMBA ZETU

Wazazi wangu, tuangalie na nyumba. Mwezi huu jikoni hapazimwi: viazi karai, bajia, mahamri, sambusa. Moshi wa kuni na makumbi ukijaa jikoni, mwenye pumu asikae pale, na dirisha lifunguliwe. Udi na ubani tunaupenda, lakini usifukizwe chumbani kwa mgonjwa. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ina moshi, chandarua ni bora. Sigara na shisha sina haja ya kueleza. Magodoro ya sufi na mabusati yakung'utwe nje, na asiyakung'ute mwenye pumu. Wakati wa masika tazameni kuvu ukutani. Na dawa za maumivu kama asprini zaweza kuwabana vifua baadhi ya wagonjwa, waulize kabla ya kumeza. Mkifuturu, msijaze tumbo mkalala papo hapo.

Mtoto asiyeweza kuvuta pampu vizuri, na wengi hawawezi, atumie chupa. Mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako tundu la kukaza mdomo wa pampu, iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na kile kifaa cha dukani. Mtoto anashika mdomo wa chupa kwa midomo yake, wewe unabonyeza mara moja, anapumua taratibu mara kadhaa, kisha unabonyeza tena. Mwombe muuguzi akuonyeshe.

Akizidiwa: mketishe wima, usimlaze. Pampu ya buluu, mivuto 4 hadi 10, mmoja mmoja, kwa chupa. Baada ya dakika 20 rudia, na gari iwe imeshaitwa. Akiwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi, au amelegea ana usingizi, usingoje chochote. Na kifua kilichokuwa kikipiga filimbi kikinyamaza ghafla huku yeye bado anahangaika, huko si kupona. Hewa haipiti. Kimbieni. Kombe na kisomo havigombani na dawa. Msomeeni huku gari inakwenda.

Mwisho, vijana. Mkimwona mwenzenu ameketi pembeni mchana akinywa maji, msimcheke, msimwite kobe, msimtangaze. Hamjui asubuhi ile alisoma namba gani. Na wewe mwenye pumu, pampu iweke mfukoni mwa juu ionekane, wenzako wajue wataitafuta wapi.

Yule binti nilimjibu hivi: "Mwanangu, kifua kikibana, vuta. Halafu mwambie mama, na tutahesabu siku baadaye." Alitabasamu, akaitoa pampu ndani ya buibui, akaishika mkononi akaenda zake.

Mwenyezi Mungu (S.W.T) atukubalie saumu zetu, awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie kuifikia Idi tukiwa wazima. Amin.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.